Uliza Mwalimu: Namba iliyojaza kioo cha kikokotoo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina kikokotoo kidogo ninachocheza nacho usiku nikikosa usingizi. Juzi nilichukua 2 nikaizidisha kwa yenyewe, nikapata 4. Nayo 4 nikaizidisha kwa yenyewe, 16. Nikaendelea hivyo: 256, kisha 65,536. Halafu kila moja nikaiongezea 1, zikawa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Nimezikagua zote tano na zote ni namba tasa. Hiyo ya mwisho ilinichukua karibu saa nzima. Ya sita ni 4,294,967,297. Ina tarakimu kumi, imejaza kioo chote cha kikokotoo. Nimeigawanya kwa kila namba tasa kuanzia 3 hadi 97, hakuna iliyoingia, nikaishiwa nguvu. Kaka yangu anasema nisijisumbue, maana kama tano za mwanzo ni tasa basi na hii ni tasa. Je, ni kweli? Na kuna njia ya kujua bila kugawanya mpaka kuche?
Msomaji asiyelala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, si tasa. Kaka yako amekosea, ila mwambie kwamba hapohapo alipojikwaa yeye aliwahi kujikwaa mmoja wa wanahisabati wakubwa waliopata kuishi.

Huyo ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, ambaye hisabati aliifanya kwa mapenzi baada ya kazi za mahakama. Mwaka 1640 aliandika katika barua zake kwamba namba zinazopatikana kwa njia uliyoifuata wewe anaamini zote ni tasa, bila kikomo. Alikiri kwamba uthibitisho hana. Namba hizo mpaka leo zinaitwa namba za Fermat. Imani yake ilikaa karibu miaka 90 bila mtu wa kuigusa, hadi mwaka 1729 Christian Goldbach alipomwandikia kijana Leonhard Euler kumuuliza kama anaijua. Mwaka 1732 Euler, akiwa St. Petersburg na umri wa miaka 25, alitoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Wewe ulisimama kwenye 97, ambayo ni namba tasa ya 25 ukihesabu kuanzia 2. Namba 641 ni ya 116. Zilikuwa zimebaki 91 tu ufike. Ungeendelea mpaka kipeuo cha pili cha namba yenyewe, kama kanuni inavyotaka kwa namba ambayo ni tasa kweli, ungelazimika kupitia namba tasa 6,542. Ninakutajia hesabu hiyo ili uone jinsi ulivyokuwa karibu.

Najua uchovu wako kwa sababu nimeupitia. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa hisabati aliiandika namba hii ubaoni siku ya mwisho kabla ya likizo, akasema neno moja: "Ivunjeni." Akatoka. Sikuwa na kikokotoo. Nilikuwa na penseli na daftari la miraba, na kila mgawanyo ulikula karibu robo ya ukurasa. Nilianza na 3, 5, 7, 11, nikaenda hivyohivyo jioni nne mfululizo. Nilipofika 641 na baki likawa sifuri sikuamini macho yangu. Nilirudia mgawanyo ule mara mbili, kisha nikazidisha 641 kwa 6,700,417 kurudi nyuma, tarakimu kwa tarakimu, mpaka nikaiona 4,294,967,297 imekaa chini ya mstari. Nikashindwa kulala kwa furaha.

Likizo ilipoisha nilimpelekea mwalimu daftari. Alilisoma lote, ukurasa baada ya ukurasa, akanipa mkono. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Vizuri sana. Sasa nieleze, kwa nini uliijaribu 7?"

Nikajibu kwamba nilikuwa nazijaribu zote kwa zamu. Akasema: "Saba haikuwa na nafasi hata kidogo. Wala 11, wala 13, wala 97. Namba hii haikubali mgeni yeyote tu." Swali lako la pili, la njia ya kujua bila kukesha, ni hilohilo la mwalimu wangu, kwa hiyo nitakujibu kama alivyonijibu yeye siku ile.

Chukua kwanza namba ndogo, 17. Anza na 2, uizidishe kwa 2 tena na tena. Kila ukivuka 17, toa 17 ubaki na baki. Utapata: 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, 1. Baada ya 1 unarudi kwenye 2, na mzunguko unaanza upya. Mzunguko huu una hatua 8. Sasa toa 1 kwenye 17: ni 16, na 8 inaigawanya 16 bila baki. Hilo si bahati. Fermat huyohuyo, tena mwaka uleule wa 1640, alieleza kwamba ukifanya hivi kwa namba tasa yoyote zaidi ya 2, urefu wa mzunguko lazima uigawanye namba hiyo ikiisha kupunguzwa 1.

Tazama pia 16 ilipokaa: hatua ya 4, nusu ya safari. Namba 16 imepungukiwa na 1 tu kuifikia 17, kwa hiyo ni sawa na kusema baki pale ni −1. Ukifika −1 nusu ya njia, ukienda mwendo uleule mara nyingine unafika kwenye 1, kwa sababu −1 mara −1 ni 1.

Turudi kwenye namba yako, ambayo ni 2³² + 1. Tuseme ipo namba tasa p inayoigawanya bila baki. Basi 2³² ikigawanywa kwa p lazima ipungukiwe na 1 hasa, yaani baki ni −1 kwenye hatua ya 32, na kwenye hatua ya 64 baki ni 1. Je, mzunguko unaweza kuwa mfupi kuliko 64? Urefu wake lazima uigawanye 64. Ungekuwa 32, au 16, au wowote mfupi zaidi, basi hatua ya 32 ingeangukia 1, nasi tumeona inaangukia −1. Kwa hiyo mzunguko ni hatua 64 kamili, na kwa kanuni ya Fermat p ikipunguzwa 1 lazima igawanyike kwa 64.

Hapo ndipo 7 na 11 na 97 zinapofungiwa mlango. Wanaoruhusiwa kujaribiwa ni wale tu waliozidi kigawe cha 64 kwa 1: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea. Kati ya hizo, 65 na 385 zinagawanyika kwa 5. 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Zinaondoka. Namba 257 ni ndugu yake katika familia hiihii, na nitaeleza punde kwa nini ndugu hawagawanyani, kwa hiyo nayo inaondoka. Zimebaki nne za kujaribu:

kwa 193 baki ni 109;
kwa 449 baki ni 325;
kwa 577 baki ni 288;
kwa 641 baki ni 0.

Migawanyo minne. Mimi nilifanya 115 kabla ya kuipata. Ile ya 2 niliiruka kwa kuwa namba inaishia na 7. Na mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas alikaza mlango zaidi: alionyesha kwamba badala ya 64 tunaweza kutumia 128. Ukifanya hivyo wanabaki 129, 257, 385, 513 na 641. Ukiwaondoa wasio tasa na yule ndugu, anasimama 641 peke yake mbele yako. Mgawanyo mmoja!

Ukitaka kujiridhisha kuhusu 641 bila kugawanya kabisa, ipo njia ambayo kila nikiiandika ubaoni huwa nasogea pembeni kidogo wanafunzi waitazame vizuri. Namba 641 ina sura mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, maana 5 × 128 ni 640. Na ni 5⁴ + 2⁴, maana 625 + 16 ni 641. Sura ya kwanza inasema kwamba mbele ya 641, yaani ukitazama mabaki tu ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Inua zote mbili kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sura ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: unapata −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 ni sawa na 0, yaani 641 inaigawanya bila baki. Mistari mitatu, hakuna penseli iliyochoka.

Utaniuliza na 6,700,417 je, ni tasa? Ndiyo. Vigawo vyake vingekuwa pia vigawo vya namba kubwa, kwa hiyo navyo lazima vizidi kigawe cha 128 kwa 1. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Kuanzia 1 mpaka hapo, namba tasa za aina hiyo ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake, kwa mpangilio huohuo, ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri, na kazi imekwisha.

SWALI: Mwalimu, mimi naandika programu za kompyuta, na kila mara nakutana na 4,294,967,295, ambayo ni pungufu ya hiyo ya msomaji asiyelala kwa 2. Tulipozungumza aliniambia unamjibu. Kuna uhusiano, au zimefanana tu sura?
Rafiki yake

JIBU: Ni majirani wa karibu kabisa. Katikati yao anakaa 4,294,967,296, ambayo ni 2³², idadi ya mipangilio yote inayowezekana ukiwa na biti 32. Ukihesabu kuanzia sifuri, ya mwisho ni 4,294,967,295, na ndiyo maana unaiona. Wanaopenda hadithi ya ubao wa sataranji, ile ya punje moja kwenye mraba wa kwanza, mbili wa pili, nne wa tatu, wataikuta hapa pia: punje zote za nusu ya kwanza ya ubao, miraba 32, ni 4,294,967,295, na mraba wa 33 peke yake una 4,294,967,296.

Lakini kinachonifurahisha mimi ni hiki. Chukua zile tano tasa za rafiki yako uzizidishe zote pamoja:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 = 4,294,967,295

Ndiyo namba yako hiyo. Siri yake ni rahisi: namba yoyote ikipunguzwa 1 ukaizidisha na hiyohiyo ikiongezwa 1, unapata kipeo chake cha pili kikipunguzwa 1. Tatu mara tano ni 15, yaani 16 toa 1. Zidisha kwa 17: 255, yaani 256 toa 1. Zidisha kwa 257: 65,535. Zidisha kwa 65,537 na umefika. Kila hatua inaipiga inayofuata mgongoni.

Na sasa naweza kulipa deni nililoacha juu. Namba ya sita ya Fermat ni zao hilo la tano za mwanzo ukiliongezea 2. Namba inayozigawanya zote mbili, zao na namba ya sita, ingelazimika kuigawanya na hiyo 2 iliyoongezwa. Lakini zote ni witiri. Kwa hiyo hazina kigawo chochote cha shirika isipokuwa 1, na 257 haina njia ya kuingia.

Zao hilo lina heshima nyingine katika jiometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Kanuni iliyotoka hapo inasema kwamba umbo lenye idadi witiri ya pande huchorwa hivyo pale tu idadi hiyo inapokuwa namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa. Tunazozijua ni tano. Kwa hiyo umbo kubwa kuliko yote la pande witiri ambalo tunajua linachorika lina pande 4,294,967,295. Hakuna atakayeliona tofauti na duara, lakini linachorika. La pande 65,537 alilishughulikia Mjerumani Johann Hermes kwa takriban miaka kumi, na maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen. Huwa namfikiria mtu huyu mara nyingi, nawaza meza yake ilivyokuwa.

SWALI: Mwalimu, ni mimi tena. Kaka ameikubali 641 lakini anadai ni kubahatisha tu kwenye orodha. Anataka sababu inayotoka ndani ya namba yenyewe. Unayo?
Msomaji asiyelala

JIBU: Ninayo, na katika sifa zote za namba hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Tarehe 25 Desemba 1640 Fermat alimwandikia Marin Mersenne kwamba kila namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikika kama jumla ya vipeo viwili vya pili, na kwa njia moja tu. Kama 13, ambayo ni 4 + 9 na basi. Mwenye uthibitisho alikuja kuwa Euler.

Namba yako inaacha 1 ikigawanywa kwa 4. Na jumla moja iko wazi, kwa sababu ndivyo ulivyoitengeneza:

65,536² + 1²

Ingekuwa tasa, isingekuwepo nyingine. Lakini ipo:

62,264² + 20,449²

Kokotoa: 3,876,805,696 na 418,161,601. Zijumlishe. Ni 4,294,967,297. Njia mbili, kwa hiyo si tasa, na tumelijua hilo bila kugawanya na namba yoyote. (Ukiwa na muda tazama 20,449: ni 143 mara 143. Sikuwahi kuiona mpaka mwanafunzi mmoja aliponionyesha, na nilikuwa nimeifundisha miaka mingi.)

Zaidi ya hapo, njia hizo mbili zinakitoa kigawo chenyewe. Toa 62,264 kwenye 65,536: 3,272. Toa 1 kwenye 20,449: 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Sasa jumlisha badala ya kutoa: 65,536 na 62,264 ni 127,800, 20,449 na 1 ni 20,450. Kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, yaani 4 na 25. Vipeo vyao vya pili ni 16 na 625.

Jumla yake ni 641. Mwonyeshe kaka.

Fermat alikuwa na zana zote hizi mkononi mwaka mmoja: kanuni ya mzunguko, kanuni ya vipeo viwili, na imani yake juu ya namba hizi. Zana mbili za kwanza ni za kweli na zinatumika mpaka leo. Ya tatu zilikuwa tayari kuiangusha. Sijawahi kumwona mdogo kwa sababu hiyo. Namba hii ni ya hila: jaribio la kawaida la utasa, lile linalotumia vipeo vya 2, inalipita bila tatizo, kwa sababu mzunguko wake wa 2 una hatua 64 na 64 inaigawanya 2³² sawasawa. Ukitumia vipeo vya 3 badala ya 2, inakamatwa.

Baada yake, hakuna nyingine iliyopatikana kuwa tasa. Kuanzia hii ya sita, namba 28 za Fermat zinazofuatana zimethibitishwa kuwa si tasa, na hali ya inayofuata baada ya hizo haijajulikana kwa mtu yeyote. Ya saba ni 18,446,744,073,709,551,617. Ilivunjwa mwaka 1880 na Fortuné Landry, mzee aliyekwisha kupita miaka 80, na kigawo chake kidogo ni 274,177. Kikokotoo chako hakitaitosha, lakini daftari la miraba linatosha. Safari hii wanaoruhusiwa kujaribiwa ni waliozidi kigawe cha 256 kwa 1, ukianza na 257 ambaye tayari unajua ni ndugu. Huyo unayemtafuta ni wa 1,071 kwenye foleni. Waondoe kwanza wasio tasa, kama tulivyofanya, na utaona foleni inavyopungua. Ukimfikia, niandikie.